Kabla ya Tarehe Tisa

Chatsworth, Durban
Jumapili, 2 Machi 2025

Mwanangu Gracieuse,

Salamu nyingi toka kwa mama yako. Afya iko? Na Bibi anaamkaje, magoti bado yanamsumbua? Mimi niko mzima. Mgongo tu unanikumbusha kila nikiinama kupiga deki, lakini huo si ugonjwa, ni kazi.

Naandika kwenye karatasi, halafu nitapiga picha niitume kwa simu ya Mwalimu Ruphin. Najua utasema mama ni mtu wa zamani. Lakini nikituma sauti, Mwalimu anaifungua pale uani, na kabla sijamaliza kusema, majirani wote wa lupango, ua wetu mzima, wameshajua habari za Félicité. Mwandiko unisamehe, niliishia darasa la nne.

Sasa kaa chini usome polepole. Nimepata statuti, karatasi ya kutambuliwa kuwa mkimbizi. Miaka kumi na moja ya kuamka na kupanga foleni, wamenipa. Mama Anaïs wa kanisani, ambaye anasaidia watu kusoma makaratasi, alinisomea mstari kwa mstari. Amesema mtoto wangu anaweza kuingia kwenye faili langu, akae hapa kwa haki, asome, afanye kazi, asikimbizane na polisi. Lakini siku anaposimama mbele ya lile dirisha la ofisi awe hajafikisha miaka kumi na nane. Hawaangalii siku uliyotoka Uvira, wanaangalia siku unayosimama pale. Ukizidi hata siku moja, basi, unaanza foleni yako mwenyewe kama nilivyoanza mimi.

Wewe unafikisha tarehe tisa Septemba. Mtihani wa taifa ni Juni. Kwa hiyo fanya mtihani wako vizuri, Julai upande gari.

Pesa ya safari iko, usiogope. Unakumbuka banki walifunga akaunti yangu wakati karatasi ya zamani ilipoisha muda. Tangu hapo pesa yangu inakaa kwa Madamu Saroj, yule mama wa Kihindi ninayemfanyia kazi. Mwisho wa mwezi ananipa ya kula na ya kuwatumia ninyi, inayobaki anaiweka kwenye mkebe wa biskuti ndani ya kabati lake la nguo. Ni mtu mwaminifu. Siku moja nilisahau hereni zangu bafuni kwake, hizi za plastiki, akatuma taxi iniletee. Wewe soma tu.

Nimeanza kukununulia blanketi. Huku Julai ni baridi.

Mama yako akupendaye,
Félicité


Uvira, 16 Machi 2025

Mama yangu,

Nakusalimu wewe na mgongo wako. Sisi tuko. Bibi anasema magoti hayajambo ila yamekataa kupanda ngazi za kanisa, kwa hiyo anasali nje na walinzi. Anasema huko nje mahubiri ni mafupi.

Barua nimeisoma mara tatu. Nilikuwa na miaka sita ulipoondoka, mama. Sasa nikifunga macho nione sura yako, naona ile picha ya pasipoti iliyo ukutani, na ile haina miguu. Nataka kukuona unavyotembea.

Huku si kuzuri. Tangu Bukavu ichukuliwe na waasi mwezi uliopita, kila gari likipiga mshindo watu wanashika watoto. Baadhi ya wenzangu wa darasa wameshavuka kwenda Burundi. Mimi nitangoja mtihani kama ulivyosema, lakini nakuomba jambo moja. Hiyo pesa usiiache kwa Madamu. Itoe ikae kwa Mama Anaïs. Sisemi Madamu ni mwizi. Nasema ni kabati lake, na ufunguo ni wake.

Bibi anauliza kama Wahindi wa huko wanakula mihogo.

Binti yako,
Gracieuse


Chatsworth, 18 Mei 2025

Mwanangu,

Nakuamkia, na Bibi naye nampigia magoti. Mwambie mihogo wanakula, tena wanaitia pilipili mpaka mtu analia. Unasoma? Unalala vizuri? Maji mnachemsha?

Uliniandikia habari ya pesa na sikujibu haraka, unisamehe, nyumba hii ilikuwa na mambo. Kuben, mtoto wa Madamu, yule mwalimu wa hesabu, amepata kazi ya kufundisha Uingereza. Anatakiwa aanze Septemba. Ni furaha, lakini ni furaha ya kulia. Visa imepanda bei mwezi wa nne. Wao walikuwa wamejipanga kwa bei ya zamani, wakauza gari, wakakopa kwa mjomba. Sasa wanaambiwa waongeze. Halafu si visa peke yake. Kila mtu alipe bima ya hospitali ya huko kwa miaka yote mitatu, papo hapo, kabla hata hajapiga chafya. Kuben alipe, mke wake alipe, na wale watoto wawili niliowalea mgongoni nao walipe kila mmoja kichwa chake.

Juzi dada yake Madamu alikuja jikoni nikiwa nasafisha dengu. Akasema, "Zamani sisi Wahindi tulipelekwa ng'ambo bure kukata miwa. Leo tunalipa ili tukubaliwe." Madamu akamwambia, "Wewe nyamaza, wako ana duka, hana haja ya kuondoka." Akajibu, "Wangu ana duka kwa sababu hakufaulu hesabu." Wakacheka, halafu Madamu akalia kwenye taulo la vyombo. Mimi nikaendelea na dengu. Mtu akilia mbele yako nawe una dengu mkononi, unafanyaje?

Nadhani utachelewa kidogo kupanda gari. Kidogo tu. Usinifikirie vibaya. Zile siku mpaka Septemba bado ni nyingi.

Mama yako,
Félicité


Uvira, 29 Juni 2025

Mama,

Uko salama? Sisi tuko salama, na Bibi anakohoa lakini anakula.

Mtihani nimemaliza. Nadhani nimefaulu, Kifaransa tu sina hakika.

Dada yake Mama Marie-Jeanne, jirani wa ng'ambo ya barabara, anasafiri tarehe kumi na mbili Julai. Anapita Kigoma, anashuka mpaka Zambia, mpaka kwenu. Ameenda njia hiyo mara nne na anajua kwenye kila mpaka useme nini na kwa mtu gani. Amekubali kunichukua kama mtoto wake. Mwalimu Ruphin ameshaongea naye. Inabaki nauli.

Mama, "kuchelewa kidogo" ni nini? Barua yako niliisoma yote, nikajua bei ya visa ya Kuben, ya mke wake na ya watoto wake. Ya kwangu sikuiona. Niandikie wazi. Pesa iko wapi?

Binti yako,
Gracieuse


Chatsworth, 13 Julai 2025

Mwanangu Gracieuse,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Nijibu kama afya iko.

Nilianza barua hii mara nyingi nikachana. Jana ilikuwa tarehe kumi na mbili, na siku nzima nilikuwa natazama saa ya jikoni, najiuliza yule mama sasa amefika wapi, na wewe hukuwamo.

Nakuandikia wazi. Walifanya maombi ya safari ya Kuben. Mtu wao akienda mbali wanawasha taa ya mafuta, wanavunja nazi, wazee wanambariki. Asubuhi nilikuja na aproni yangu kama siku zote. Madamu akanivua aproni kwa mikono yake, akanivalisha sari yake ya njano. Mwanangu, miaka tisa naosha vyombo vya sherehe za nyumba ile, na sijawahi kukalia kiti cha sebuleni. Siku hiyo nilikalia. Kuben akainama mbele ya wakwe zake wote, akanigusa miguu kama wanavyowafanyia mama zao, akasema, "Aunty, nawe unibariki. Wewe ndiye umelea watoto wangu." Nikamwekea mkono kichwani. Nilimbariki kwa jina lako, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumfikiria.

Halafu Madamu akaniita chumbani. Akatoa mkebe. Hakuchukua kwa kuniibia, hilo ulijue. Aliuweka juu ya mapaja yangu, ukiwa umejaa. Akasema, "Felicity, tumepungukiwa pesa kama hii hii. Kesho kutwa ndiyo siku ya mwisho ya kulipa. Ukisema hapana nitaelewa, ni pesa yako na ni mtoto wako. Mwisho wa Agosti utakuwa nayo mkononi."

Sebuleni walikuwa wananiita nirudi kwenye picha. Nimevaa sari ya mtu. Mkebe mapajani. Na kesho yake ni Jumatatu, nitaingia kwa mlango wa jikoni. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nilisema chukua.

Agosti si mbali. Ukipanda gari tarehe ishirini Agosti, hata mipaka ikikusumbua, unafika kabla ya tarehe tisa. Mama Anaïs ameniahidi kukupeleka dirishani siku hiyo hiyo utakayoshuka. Nakutumia na ile picha uone mama yako anavyotembea, ingawa hapo nimekaa.

Usinikasirikie sana. Kasirika kidogo halafu uache.

Mama yako,
Félicité


Uvira, 20 Julai 2025

Mama,

Tuko wazima.

Picha ilifika kabla ya barua. Mwalimu aliifungua uani na majirani wote wameiona. Wanasema mama Gracieuse amekuwa Muhindi. Bibi alicheka kwanza, halafu akarudi ndani.

Sari imekupendeza. Nasema kweli.

Umeniuliza ningesemaje. Ningesema mtoto wangu anafikisha miaka kumi na nane Septemba, na wa kwako ana pasipoti, ana mke, ana kazi, ana mama nyumbani. Ni maneno machache. Ungeyasema hata ukiwa na sari.

Kuben akikosa visa, anabaki Durban anafundisha hesabu. Mimi nikikosa, nabaki hapa. Ulipima vitu viwili hivi, mama, au uliona aibu tu?

Tarehe ishirini Agosti nitakuwa tayari. Nimeshafunga mfuko.

Gracieuse, binti yako


Chatsworth, 9 Septemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Leo ni siku yako. Mungu akupe umri mrefu na afya njema, wewe na Bibi.

Najua nimekaa kimya wiki saba. Kila siku nilisema nitaandika nikiwa na jambo la kuandika. Kuben na familia walifika salama. Madamu anasema kule mwalimu akianza Septemba, mshahara unaingia mwisho wa Septemba, hilo hawakulijua. Halafu nyumba ya kupanga iliwaomba malipo ya mbele. Aliniambia hivyo tukiwa tunaanika nguo, na kwa kweli alikuwa na haya, alinisaidia kuanika mpaka mashuka. Nilimwambia, "Madamu, mtoto wangu ana tarehe." Akasema, "Najua, Felicity. Silali." Eish, na mimi nikamwonea huruma. Sijui nimeumbwaje.

Nilikwenda kwa Mama Anaïs tukauliza kama wanaweza kuongeza hata mwezi. Yule mfanyakazi wa dirishani alikuwa mtu mzuri, hakutufukuza. Alisema tarehe ya kuzaliwa si yake kuisogeza.

Nimekuokea keki. Madamu alinipa mayai na siagi, akasema tumia oveni. Nimeandika jina lako kwa sukari. Watu wa kanisa walikuja, Mama Anaïs akaimba, tukaikata saa kumi na tukala. Kipande chako nimekiweka kwenye friji, ndani ya plastiki.

Hata kama faili limefungwa, wewe ni mtoto wangu. Utakuja. Tutaanza foleni upya pamoja, mimi naijua foleni ile. Nijibu hata mstari mmoja.

Mama yako,
Félicité


Kambini, Burundi
21 Desemba 2025

Mama,

Naandika haraka, simu ya Mwalimu Ruphin ina chaji kidogo na watu wanaisubiri.

Uvira imechukuliwa. Tulivuka na Mwalimu na watu wengi. Bibi hakuweza kutembea. Nilimwacha kwa Mama Marie-Jeanne, na chungu cha maharage, na dawa ya siku nne. Tangu hapo simu ya kule haiiti.

Hapa nimejiandikisha. Sikiliza vizuri maana sitarudia. Watoto ambao hawana mtu wamewekwa kwenye orodha yao. Wanalala kwenye hema lenye mlinzi, wanakula kwanza, na wao ndio wanaotafutiwa nchi ya kuwapokea kabla ya wengine. Msichana wa miaka kumi na nane aliye peke yake hana orodha. Anapewa turubai, na wanaume wa kambini wanajua turubai lipi halina mtu.

Kwa hiyo nimesema nina miaka kumi na sita. Baba marehemu, mama marehemu. Afisa aliniuliza mama alifariki lini. Nilimwambia tarehe tisa Septemba. Akaandika.

Sikuandika hivyo kwa hasira. Hasira ninayo, lakini faili ni kitu kingine. Mahojiano yangu ni mwisho wa Januari. Usinipigie, usinitafute, usitume mtu. Ukijulikana uko hai, mimi nimekwisha. Nikifika mahali, nitakutafuta mimi.

Gracieuse


Chatsworth, Jumapili, 18 Januari 2026

Mwanangu Gracieuse,

Amani iwe kwako huko hemani. Umeamkaje? Wanakupa blanketi? Kikohozi cha Bibi kisiwe kimekuingia wewe. Kwa Bibi napiga simu asubuhi na jioni, bado haiiti, lakini nitaendelea.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama na niliimaliza nimekaa sakafuni. Hukutaka niandike, najua. Lakini mtoto hawezi kumwambia mama usiulize kama nimekula.

Nimelifikiria hilo faili lako wiki tatu. Nakuambia kitu ninachokijua kuliko wewe na Mwalimu Ruphin, kwa sababu darasa la makaratasi nimelisoma miaka kumi na moja. Hapa tulikuwa na ndugu Jacques, fundi wa simu pale mjini. Alipofika alimwandika mdogo wake kama mtoto wake, ili wasitenganishwe. Aliandika kwa mapenzi. Miaka minane baadaye wakaona. Hawakumuuliza mapenzi, walimuuliza kwa nini ulidanganya, na wote wawili wakafutwa. Jacques sasa anatembea akikwepa kila robot, taa ya barabarani, yenye polisi. Kila jioni nilikuwa namwona Jacques, halafu nakuona wewe. Nikasema hapana. Jambo hili nililichelewesha mara moja kwa aibu yangu, safari hii sitakaa kimya.

Madamu amenirudishia nusu. Ile nusu nyingine ingoje kidogo, kwa sababu na yeye sasa anataka visa ya kwenda kuwaona wajukuu, na bei yake anasema inasikitisha. Kwa hiyo nauli yako ipo mpaka Zambia.

Mama Anaïs ana shemeji anayepika kwenye ile kambi. Ndiye aliyetupa namba ya ofisi ya maandikisho. Nimepiga Ijumaa wakati wa kula. Madamu akaniwekea kiti mwenyewe, kile cha sebuleni. Mtu aliyepokea anajua Kiswahili safi, kijana mpole, ana adabu. Nikamwambia: mimi ni mama yake Gracieuse, mtoto alichanganyikiwa na vita, alikosea, msimwadhibu. Akaniuliza nina ushahidi gani. Nikamsomea kadi yako ya ubatizo, jina, parokia, mwaka. Nikamtumia picha ya hiyo kadi. Nilimtumia na ya kwangu, ile ya sari, sina nyingine nzuri.

Hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Asante mama, umetusaidia sana." Akanisomea tena alivyoandika upya, ili nihakikishe: baba amefariki, mama yuko hai, anaishi Durban, Afrika Kusini. Umri wa mtoto, miaka kumi na nane imetimia. Nikasema ndiyo. Akasema watakuhamisha kwenye hema la watu wazima na faili lako litafuata njia ya kawaida. Nikamshukuru.

Sasa hakuna mtu wa kukufuta, mwanangu. Kila neno pale ni la kweli. Ukiitwa mahojiano, usiogope kitu.

Jana nilituma ujumbe kwa simu ya Mwalimu, nikaona umesomwa. Leo nimetuma tena. Labda chaji imeisha. Nakwenda kanisani, nikirudi nitaangalia.

Mama yako mzazi, niko hai,
Félicité